Mkungu Hauvuki Lango

Rwamishenye, Bukoba
14 Januari 2024

Shangazi yangu Ma Klaudia,

Shikamoo. Wasibota, waitu? Najua utajibu kwamba hujambo hata kama umelala na homa, kwa hiyo nimemwomba Mwajuma akutazame vizuri usoni kabla ya kukukabidhi barua hii. Ndiye yule jirani yangu anayeleta vitenge kwenye gulio lenu la Kamachumu, usimpite bila kumsalimu. Baba mguu umemwachia, sasa anakwenda kanisani bila fimbo, na anakusalimu sana dada yake. Tungependa kukupigia simu, lakini tangu masikio yako yagome tunabaki kupigiana kelele tu, majirani wanadhani tunagombana.

Krismasi hii hatukuona mkungu wako wa ndizi. Baba alikaa anatazama barabara mpaka saa za chakula, mwishowe akala wali na kununa. Nikamwambia magari yalijaa. Natumaini ni hivyo.

Sasa habari yangu. Kazi niliyosomea Morogoro nimeipata hapa hapa nyumbani. Tunapambana na mnyauko wa migomba, ule unaogeuza majani kuwa manjano na kuozesha ndizi zikiwa bado kwenye mkungu. Unajua kwamba hauna dawa ya kunyunyiza. Sisi tumekwenda njia nyingine. Ndani ya kila mgomba wanaishi bakteria wengi wasio na ubaya. Tumemchukua mmoja wao tukamwandikia upya sehemu ya maumbile yake, na sasa ana mambo mawili ambayo hakuzaliwa nayo: anamtambua bakteria wa mnyauko akiingia, na akimtambua anatoa sumu inayomuua huyo peke yake. Asipomkuta anakaa kimya. Tumemfunga pia asiweze kuishi nje ya utomvu wa mgomba. Maabarani amefanya kazi vizuri mno, Shangazi, nakwambia nikiwa na uhakika.

Sasa tunatafuta kibanja cha migomba chenye ugonjwa, mwenyewe akubali tupande humo miche yetu ndani ya uzio. Umefundisha watoto wa Kamachumu yote, na wazazi wao, huwezi kukosa mtu. Ningekuja mwenyewe kuuliza, ila sisi tunaowashika bakteria wa mnyauko maabarani tumekatazwa kuingia kwenye vibanja vya watu.

Nakuombea macho yako yabaki makali ili uendelee kunisahihishia Kiswahili.

Mwanao,
Evelyne


Kamachumu
4 Februari 2024

Evelyne mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na Mwajuma wako alinikodolea macho mpaka nikamuuliza kama nimeota pembe. Mwambie kaka yangu asinune, umri wa kununia chakula umempita. Nimewapelekea maharage na karanga. Ndizi mwaka huu wachuuzi wa Bukoba wamezigombania, nimeuza zote.

Nafurahi kwamba unaandika barua za kukaa na kusoma. Dada yako Immakulata wa Mwanza ananitumia ujumbe wa simu wa maneno mawili mawili, ni kama kula senene mmoja mmoja.

Kibanja unakijua. Tangu tumzike Anatory mwaka jana nakilima peke yangu na sijalalamika. Shemeji yangu Rugemalira hupita kila Jumapili baada ya misa, anasema anamsalimia marehemu kaka yake, lakini kaka yake amelala mbele ya nyumba na yeye anazunguka nyuma ya jiko. Sikumbuki kama nilikueleza ukoo ulivyoamua siku ya kumaliza matanga. Walisema kwa kuwa Mungu hakunipa mtoto, nitakaa humu maadamu kibanja kinasimama. Kikianguka kinarudi mikononi mwao, na kijana wa Rugemalira anatafuta mahali pa kujenga. Basi nakilima.

Mtu wa kukupa kibanja chenye ugonjwa sina. Huku kwetu nani atasimama aseme migomba yake inaumwa? Kibanja kikichafuka watu wanasema nyumba ile ina uvivu, au wana laana. Utatafuta hadi kisiwani Bumbire na huko watakuonyesha samaki.

Nina maswali ya udadisi tu. Huyo bakteria wako, akiingizwa kwenye mgomba ambao majani yameshaanza manjano, anauponya? Na kama shina limekufa, chipukizi lake likionekana zima, ni zima kweli? Na ukikata mgonjwa kwa panga, ukaliosha kwa maji na sabuni, inatosha?

Shangazi yako anayekuombea mchumba mwenye akili,
Klaudia


Rwamishenye
27 Februari 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Karanga zimefika, Baba amezikalia mwenyewe. Bukoba mvua zimewahi, uwanja wetu umekuwa bwawa na mama mwenye nyumba amefuga bata bila kukusudia.

Majibu ya maswali yako. Mgomba ulioanza manjano hatuuponyi. Bakteria wetu anatakiwa atangulie kuingia, akiwa ndani ya mche kabla adui hajafika. Chipukizi la shina lililokufa si zima hata likicheka. Maji na sabuni hayatoshi, panga lipitishwe kwenye moto mpaka lisishikike, baada ya kila mgomba, si baada ya kazi.

Sasa niruhusu nikuulize mimi. Mtu mwenye udadisi tu huuliza swali moja akatosheka. Wewe umeuliza kama mtu mwenye mgonjwa chumbani. Halafu Mwajuma ameniambia kwamba alipokutembelea ulimkaribisha ugali. Shangazi, katika maisha yangu yote sijawahi kuona ugali kwenye meza yako. Ulikuwa unasema ugali ni wa wanajeshi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe ndiye uliyetufundisha. Kibanja kinaumwa?

Akupendaye bila adabu nyingi,
Evelyne


Kamachumu
21 Aprili 2024

Evelyne,

Mwezi mzima wa mfungo Mwajuma hakuja Kamachumu, na mimi nikashukuru kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa amekuja na amesimama mlangoni anasema haondoki bila barua. Mwambie nyumbani kwa mtu huendi kupeleleza chakula. Ugali aliula wote.

Ndiyo. Kinaumwa.

Uliingia na msiba. Unakumbuka siku ile watu walivyojaa, kila mwenye mapenzi na Anatory alikuja na mkungu kichwani, kutoka Muleba, Nshamba, mpaka Izigo. Wanaume wakaja na mapanga yao kukata majani na mashina ya kujengea banda. Wanawake wakamenya, na maganda na vikonyo tukavimwaga kibanjani viwe mbolea, kama ilivyo kawaida yetu. Siwezi kusema ni mkungu wa nani. Ulikuja na huruma ya watu, na ndiyo maana siwezi kumkasirikia mtu, na hilo linaniumiza zaidi.

Ulianzia nyuma ya jiko. Nikikuta mgomba umegeuka manjano naukata alfajiri, naufukia, nasambaza nyasi juu, halafu nasema nimeuza mkungu. Nimeuza mikungu mingi hewani mwaka huu. Rugemalira akija namkalisha mbele na kahawa ya kutafuna, namsimulia habari za marehemu mpaka jua linamchoka. Lakini amekuwa akichungulia.

Naogopa, mwanangu. Nimeishi humu tangu nikiwa bibi harusi, na nyumbani kwa baba yangu sina pa kurudi, kibanja kile alichukua kaka yako mkubwa. Kwa hiyo usinitajie gari la mradi wala kibao barabarani. Nitakata na kufukia mpaka Mungu aone.

Ichome barua hii jikoni.

K.


Rwamishenye
5 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo na hajui lolote. Barua nimeichoma kama ulivyoagiza, ingawa ilistahili kutunzwa.

Nimelia kidogo, halafu nimekaa nikafikiri, na nitakuambia nilichofikiri. Ukiendelea kukata na kufukia kwa panga lile lile, kibanja kitaanguka kabla ya mwaka mwingine, na Rugemalira atakikuta kimeanguka mikononi mwako na uongo juu yake. Hapo utakuwa umepoteza vyote viwili.

Lakini tunatafuta kibanja chenye ugonjwa. Wako ni ugonjwa halisi, na udongo wako tunauhitaji hivyo ulivyo. Tukifanya majaribio kwako, mradi unaandikiana mkataba na mtu anayeishi kwenye kibanja, mbele ya serikali ya kijiji, mpaka mwisho wa mwaka ujao. Katika muda huo hakuna wa kukuhamisha. Na bakteria akifanya kazi, kila mtu atajua ilifanyika kwa Ma Klaudia.

Gharama yake ni moja. Lazima useme hadharani, mbele ya ukoo, kwa mdomo wako. Mimi siwezi kuja kukusemea. Nikija nitaonekana nimemletea shangazi yangu mradi, na tayari kiongozi wetu ameamua kwamba kwa sababu ya undugu sitakanyaga shamba hilo hata siku moja. Atakuja mwenzangu Ayubu.

Sikulazimishi. Ila niliwahi kukuona ukimsimamisha mkaguzi wa elimu mlangoni kwa sababu viatu vyake vilikuwa na tope, na darasa zima tulikuwa tunatazama.

Evelyne


Kamachumu
23 Juni 2024

Evelyne mwanangu,

Hatujambo. Kaka yangu apate salamu, na wewe ule, Mwajuma anasema umekonda.

Wiki iliyopita tulifanya misa ya mwaka wa Anatory. Ukoo wote ulikuja, na kama kawaida kila mtu na mkungu wake. Mimi nilikuwa nimesimama langoni tangu walipotoka kanisani. Nikasema: mkungu hauvuki lango hili, wala panga. Viacheni hapo nje, ninyi piteni.

Wewe umezaliwa huku, unajua maana yake. Kumrudishia mtu mkungu langoni ni sawa na kumwambia simtaki hata maiti yangu aizike. Mke wa Rugemalira alitua wake chini kwa kishindo. Mtu mmoja akasema kwa Kihaya kwamba ujane umenipanda kichwani. Niliwaacha waseme. Walipoingia wote nikamshika Rugemalira mkono, nikampeleka nyuma ya jiko ambako amekuwa akipachungulia, nikaangusha mkungu mmoja nikapasua ndizi mbele yake. Ndani ilikuwa na kutu. Nikakata shina, tukasubiri, usaha wa manjano ukatoka taratibu. Nikasema kwa sauti, maana mimi sijisikii na sikutaka kukosea: huu ni mnyauko, uko humu tangu matanga, nimeuficha, na leo nimeacha kuficha.

Nilikuwa namtazama mdomoni Rugemalira nisome atakachosema. Lakini aliyesema ni mzee Kahangwa, mkubwa wa ukoo. Alivua kofia akasema, "Hata kwangu upo." Halafu mwingine akasema kwake pia, na mwingine. Evelyne, watu wazima walikuwa wanakiri mbele ya jiko langu kama wako kwa padri. Wote tumekuwa tukifukia alfajiri na kuuza mikungu hewani.

Mwisho kabisa Rugemalira naye. Kwake hakujabaki hata shina moja. Hakuwa akichungulia ugonjwa wangu, alikuwa akitafuta chipukizi zima la kuiba. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga.

Mkataba mliotuma tumetia sahihi palepale, mwenyekiti wa kijiji alikuwepo. Kuhusu mimi wamesema majaribio yakiisha ukoo utakaa tena na kuamua. Wamekataa kusema zaidi ya hapo. Basi na waje watu wako.

Klaudia


Rwamishenye
30 Agosti 2024

Shangazi shujaa,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea Baba, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaingia chumbani na hakutoka kwa muda. Alisema tu kwamba mama yenu angependa kuiona siku hiyo.

Ayubu anasema mmeshang'oa vyote, uzio umekamilika, na miche imepandwa. Anasema pia kwamba ulimwosha viatu kwa Jiki kabla hajasalimia. Endelea hivyo. Masharti unayajua, nayarudia tu kwa kuwa ndiyo uhai wa kazi yetu: kisitoke kitu ndani ya uzio, si jani, si ndizi, si chipukizi. Likitoka chipukizi moja, kibali kinafutwa na kila kitu kinang'olewa. Ndizi zitakazozaliwa hazitaliwa. Na majaribio yakifika mwisho tutang'oa na kuchoma vyote, vizima kwa vigonjwa. Baada ya hapo ndipo tunaomba ruhusa ya kugawa.

Miche ina vibandiko, vingine vya buluu na vingine vyeupe. Ayubu hajui maana yake, wala wewe huhitaji kuijua.

Huku kwetu umeme unakatika sana, nimejifunza kupika na kusoma kwa tochi ya kichwani.

Evelyne wako


Kamachumu
24 Novemba 2024

Evelyne,

Salamu nyingi. Senene mwaka huu wamemiminika, nimewakaangia na Mwajuma analeta makopo mawili. La buluu ni la kaka yangu, jeupe ni lako. Nadhani unaelewa kwa nini nimechagua rangi hizo.

Mimi nilifundisha hesabu. Nikiona rangi mbili najua kuna vitu viwili. Migomba ya buluu umeipa mlinzi wako. Ile ya kibandiko cheupe umeipa maji, na umeipanda kwenye udongo wa kifo ukijua itakufa. Nusu ya kibanja changu umeitoa sadaka na hukuniambia.

Usinijibu kwamba imeandikwa kwenye mkataba. Nimeutoa kabatini nikausoma, imeandikwa. Siku ile niliweka sahihi nikiwa namtazama Rugemalira, sikuitazama karatasi. Ulijua itakuwa hivyo.

Kila asubuhi napita kati yake. Midogo, imenyooka, haina kosa. Napalilia mmoja najua utaishi, namwekea nyasi mwenzake najua namtandikia jeneza. Nimekasirika, na nataka ujue nimekasirika nikiwa na afya njema.

Klaudia


Rwamishenye
8 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo, na senene nimewala wote nikiona aibu. Walikuwa watamu hata hivyo.

Umepatia. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungekataa, na ungekataa ungepoteza nyumba. Nilichagua upate nyumba kwanza, hasira baadaye. Sijutii, ila nisamehe.

Nikueleze kwa nini. Tukiipa yote dawa na yote ikasimama, mtu atasema mwaka ule ugonjwa ulipungua, au Ma Klaudia anatunza vizuri, au ni sala za jumuiya. Atakuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini migomba miwili ikiwa kwenye udongo mmoja, inapaliliwa na mkono mmoja, mmoja ukafa na mwenzake ukasimama, hapo hakuna wa kubisha. Ile ya cheupe ndiyo itakayosema ukweli kwa niaba ya ile ya buluu. Naomba uitunze sawasawa na mwenzake, usiipendelee wala usiitupe. Ukiipuuza tutakuwa tumeipoteza bure.

Evelyne


Kamachumu
20 Julai 2025

Evelyne mwanangu,

Nilikunyamazia miezi mingi. Nusu ilikuwa hasira, nusu ilikuwa kazi. Kahawa imekuwa nzuri, paka amezaa ndani ya kabati la Anatory, na Immakulata amekuja na mume wake akakaa wiki nzima. Hasira imekwisha tangu Pasaka, nilikuwa nangoja tu upate adabu.

Njoo hapa langoni usimame kwa mbali utazame. Ya cheupe inaondoka mmoja baada ya mwingine. Nimeitunza kama ulivyoomba, na nimeilia. Ya buluu imesimama na imezaa. Majani mapana, mashina ninayoshindwa kuyakumbatia, na mikungu mizito mpaka Ayubu ameiwekea miti ya kuegemea. Kati ya migomba iliyokufa pande zote, hiyo imesimama kimya na inazaa. Watu wanatoka Muleba mjini kuja kutazama kupitia uzio. Mwanangu, kazi yako inafanya kazi. Najivuna, na sioni sababu ya kusema kwa unyenyekevu.

Sasa lililo gumu. Rugemalira amekuja. Kijana wake anaoa Oktoba, na unajua kwamba kijana akianzisha nyumba huanza na machipukizi ya kwao. Yeye hana hata moja. Alikaa, akatafuna kahawa, akaandika kwenye daftari langu ili nisisingizie masikio: "Mulamu, shemeji yangu, nipe machache tu ya buluu. Na siku ya kung'oa, wewe acha mengine yasimame, sema ni yako ya zamani. Kibanja kitakuwa kimesimama na mimi nitasema hivyo mbele ya ukoo. Utakufa humu."

Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa nadanganya. Nafikiri kweli, Evelyne, usiku na mchana. Nikisema ndiyo nina nyumba. Nikisema hapana, siku ya mwisho nitakuwa nimesimama kwenye udongo mtupu mbele ya watu waliosema nitakaa maadamu kibanja kinasimama.

Nijibu kitu kimoja tu bila kunipamba. Hiyo ruhusa ya kugawa, mtaipata?

Klaudia


Rwamishenye
3 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, Mwajuma akanishika mkono akidhani kuna msiba.

Bila kukupamba: kuhusu bakteria nina uhakika kamili. Shamba lako limetupa jibu ambalo tulikuwa hatuthubutu kuliomba. Kuhusu ruhusa, naamini itakuja, lakini iko kwa watu wengine na itachukua muda, labda mwaka, labda zaidi. Siwezi kuapa kwa kitu ambacho hakiko mikononi mwangu.

Likitoka chipukizi moja kazi yote ya buluu na ya cheupe imekufa. Hilo unalijua kuliko mimi.

Sitakuomba. Niliwahi kuamua kwa niaba yako mara moja, inatosha. Ukichagua nyumba sitakulaumu hata siku moja, na mlango wangu Rwamishenye uko wazi, kitanda kipo.

Mwanao,
Evelyne


Kamachumu
14 Desemba 2025

Evelyne mwanangu,

Noeli njema mapema, kwako na kwa kaka yangu. Mwambie anune vizuri, mwaka huu pia hakuna mkungu. Mimi mzima, mgongo unauma kwa sababu utakayoisoma.

Rugemalira nilimjibu hapana. Nilimjibu Septemba, langoni, na hakukanyaga kwangu tena. Kijana wake ameoa bila kupanda kitu. Jumapili kanisani walikaa benchi la mbali, na mke wake akigeuka kunipa amani anageukia ukuta.

Jumanne Ayubu alikuja na watu wake kung'oa. Nikawaambia mgomba wa kwanza nautoa mimi. Nilichagua mkubwa kuliko yote, wa buluu, ulio karibu na jiko, na mkungu wake juu haujaguswa. Nililia waziwazi na sikujifuta. Lakini nilikata. Nilijua ninachokata na nilijua kwa nini, na nilijua mliyemwandika ndani yake mnaweza kumwandika tena. Hadi jioni palikuwa pameng'olewa pote, moshi umefika kanisani. Sijawahi kuiona nyumba yangu kutoka barabarani. Sasa inaonekana.

Jana ukoo ulikaa, palepale kwenye udongo mtupu. Sikungoja wanihukumu. Nikasimama nikasema: "Mlisema nitakaa maadamu kibanja kinasimama. Hakisimami, mnaona wenyewe. Nimekiangusha kwa mkono wangu, ili siku moja vyenu vyote visimame. Rugemalira alitaka nidanganye nikae, nikakataa. Anayekitaka kibanja hiki akichukue sasa hivi, hivi kilivyo. Lakini huyo atakayekichukua ndiye atakaa humu bila kupanda mgomba wala kula ndizi mpaka ruhusa itoke, alinde udongo usiguswe, na asimpe hata ndugu yake chipukizi la mahali popote. Asimame nimwone."

Hakusimama mtu. Kahangwa alikuwa anamtazama Rugemalira, na wote wakaanza kumtazama. Nikadhani anatafuta maneno ya kunifukuza. Kisha akainuka, akaja mpaka mbele yangu karibu kabisa, ili nimwone mdomo vizuri, akasema polepole:

"Mulamu, mpaka hiyo ruhusa itoke, tukuletee nini ule?"

Nikamwambia viazi na maharage. Leo asubuhi mke wake ameleta kapu, na kabla ya kuingia amesimama langoni amelikung'uta chini, nikague kama hamna ndizi.

Shangazi yako, wa kibanja kile kile,
Klaudia